Glovu Zikirudi Kavu

Mzee wa Benchi anajibu barua za wasomaji

Kwa aliyefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilikuwa mtunza vifaa wa timu za hoki ya barafu, misimu mitatu Sweden na misimu tisa katika ligi ndogo ya Amerika Kaskazini. Nimenoa viatu, nimefua jezi, nimekausha glovu. Sijawahi kumfundisha mtu kupiga paki, kile kisahani kinachochezewa barafuni. Ila mtu akisimama nyuma ya benchi miaka kumi na miwili, huona mambo ambayo kamera hazina habari nayo, na ndiyo maana mhariri bado ananivumilia. Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: chipukizi akishachaguliwa kwenye drafti, ile siku klabu za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, huchagua vijana kwa zamu, akakulie wapi? Aletwe AHL, ligi iliyo chini ya NHL, au aachwe kwao Ulaya?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Benchi. Klabu yangu ilichagua winga wa Kiswidi raundi ya kwanza mwaka juzi. Mpaka leo yuko kwao, anacheza SHL, ligi kuu ya Sweden. Wawili waliochaguliwa baada yake wako AHL, makocha wa klabu wanawaona kila wiki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu wetu si ndiyo basi tena?
– Asiye na Subira

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wahenga hawakuwa na video. Siku hizi kila zamu ya huyo winga barafuni inakatwa na kutumwa ng'ambo kabla hajamaliza kuoga.

Chukua Detroit, mojawapo ya klabu za NHL. Mwaka 1989 walimchagua beki wa Västerås ya Sweden, Nicklas Lidström, nafasi ya 53, wakamwacha kwao miaka miwili zaidi. Mwaka 1998 wakamchagua Pavel Datsyuk, nafasi ya 171, akafika 2001. Mwaka 1999 wakamchagua Henrik Zetterberg nafasi ya 210, saa ambayo ukumbini watu wameshaanza kutafuta makoti yao waondoke. Alibaki Timrå, klabu ya kwao Sweden, hadi 2002. Hao watatu hawakucheza hata mechi moja ya AHL, na wote watatu walikuwemo kwenye timu iliyobeba Kombe la Stanley, taji la NHL, 2008.

Sasa usikimbie na hiyo ukaenda kutamba nayo kijiweni, maana Detroit hiyohiyo ilimweka kipa Jimmy Howard misimu minne pale Grand Rapids, timu yao tanzu ya AHL, kama nyama ngumu iliyoachwa jikoni mpaka ilainike yenyewe. Klabu moja, njia mbili.

Ukitaka mifano ya karibu, ipo pande zote. Elias Pettersson alichaguliwa na Vancouver nafasi ya 5 mwaka 2017. Wakamwacha Sweden, akaenda Växjö, akapata pointi 56, yaani mabao pamoja na pasi za mabao, katika mechi 44. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyewahi kufikisha hizo katika ligi ile. Akachukua ubingwa, akapanda ndege, na msimu wake wa kwanza NHL akabeba tuzo ya Calder ya chipukizi bora. Kwa upande wa pili yupo Mikko Rantanen. Colorado walimchagua 2015 kutoka TPS ya Finland, wakamleta moja kwa moja AHL, timu ya San Antonio, akiwa bado kinda. Mechi 52, pointi 60. David Pastrňák alifika Providence, timu ya AHL ya Boston, akiwa na miaka 18, akacheza mechi 25, akapata pointi 28, na kabla msimu haujaisha alikuwa Boston anafunga mabao ya NHL.

Lakini ninayempenda kumtaja ni Moritz Seider, kwa sababu yeye alipita njia zote mbili, na kwa mpangilio ambao hakuna mtu angeupanga. Mjerumani huyu alitoka Mannheim, Detroit wakamchagua nafasi ya 6 mwaka 2019, watu wakacheka kwamba wamemchukua mapema mno. Msimu wa kwanza Grand Rapids, mechi 49, pointi 22. Kisha korona ikafunga viwanja, ligi za Amerika zikachelewa kuanza, akapelekwa kwa mkopo Rögle, Sweden. Huko akatajwa beki bora wa ligi. Msimu uliofuata, 2021–22, akacheza mechi zote 82 za NHL na kuchukua Calder. Mwaka wa AHL ulimfundisha kugongwa na watu wazima kwenye uwanja mwembamba. Mwaka wa Sweden ulimpa paki. Alikuwa ndiye anayeanzisha mashambulizi, ndiye anayeingia wapinzani wakiwa pungufu, ndiye aliyeko barafuni dakika ya mwisho timu inapolinda bao moja.

Kwa hiyo ukiniuliza ligi gani, mimi nitakuuliza winga wako anacheza dakika ngapi, na ni zipi. Fungua taarifa ya mechi yao ya Jumamosi. Kama yuko barafuni dakika ya 58 kati ya 60 na matokeo ni 2–2, nenda kalale. Kama hayupo, soma barua inayofuata.

SWALI: Mzee, mimi nafuatilia kijana mmoja wa raundi ya pili aliyeko SHL. Watu wa klabu wanatangaza kwamba "anacheza na wanaume katika mojawapo ya ligi bora duniani". Nikiangalia takwimu, anacheza dakika tano, sita. Kuna mechi dakika mbili. Hiyo nayo ni malezi?
– Msomaji wa Takwimu

JIBU: Hapana. Hayo ni matembezi.

Nikueleze jambo la kazini kwangu. Mechi ikiisha, wachezaji hutupa glovu kwenye toroli, nami nazipeleka chumba cha kukaushia, nazipanga kwenye vigingi, feni za moto zinawashwa. Glovu ya mtu aliyecheza dakika ishirini ukiikamua inatoa maji kama kitambaa cha deki. Kiganja kimelainika, kinanuka, na baada ya wiki chache kinatoboka pale anapokamatia gongo. Mwaka wangu wa pili Sweden tulikuwa na kijana wa miaka 18, ameshachaguliwa drafti, jina lake liko kwenye magazeti. Glovu zake zilikuwa zinarudi kavu. Mechi kumi na moja mfululizo sikuwa na haja ya kuziweka kwenye kigingi. Nilikuwa naziweka tu, asije akaona.

Kocha hakuwa mtu mbaya. Siku moja tunapakia basi nikajitia kimbelembele, nikamwambia kijana yule anaozea benchi. Akanijibu kwa upole: "Timu ikishuka daraja, huyo kijana atakuwa Amerika. Mimi nitakuwa hapa, natafuta kazi." Tulikuwa nafasi ya tatu kutoka mkiani.

Hapo ndipo penye siri ambayo mashabiki wa Amerika huisahau, kwa sababu ligi zao hazina kushuka daraja. SHL ina timu 14, mechi 52, na mwisho wa msimu timu mbili za mkiani zinakutana katika mfululizo wa hadi mechi saba. Anayeshindwa anashuka. Haiangaliwi historia. Djurgården, klabu yenye mataji 16 ya Sweden kuliko nyingine yoyote, ilishuka 2022. Brynäs ikafuata 2023. Sasa wewe ni kocha, zimebaki mechi kumi, mshahara wako na wa watu hamsini unaning'inia. Utampa dakika ishirini mtoto wa watu ambaye mwakani hayupo, ili ajifunze kutokana na makosa yake?

William Eklund alikuwemo ndani ya Djurgården ile iliyozama. San Jose walimchagua nafasi ya 7 mwaka 2021, akaanza msimu NHL, akacheza mechi tisa, wakamrudisha kwao. Mechi tisa, si kumi, na hiyo si bahati. Kwa kijana wa umri wake, mechi ya kumi ikichezwa, mwaka wa kwanza wa mkataba wake wa miaka mitatu unaanza kuhesabiwa. Ukimrudisha kabla, mkataba unasogea mbele mwaka mzima. Basi akarudi kwenye timu iliyokuwa inahangaika kupumua. Mechi 29, bao moja. Bao moja, kijana aliyekuwa anasifiwa bara zima! Msimu uliofuata wakamweka AHL kwenye timu yao tanzu, ambayo iko mji mmoja na klabu mama. Akacheza kwa raha, pointi 41, na tangu hapo ni mchezaji wa NHL. Mimi sisemi Sweden ilimharibu. Nasema ile timu, mwaka ule, haikuwa mahali pa kumlea mtu yeyote.

Wa kwetu yule wa glovu kavu alipelekwa kwa mkopo Januari kwenye ligi ya pili ya Sweden, HockeyAllsvenskan. Magazeti yakaandika kwamba ameshuka kiwango. Baada ya wiki tatu mtunza vifaa mwenzangu wa kule akanipigia simu, analalamika: "Huyu mtoto wenu ananimalizia ngozi. Nimeshamshonea viganja mara mbili." Nilicheka peke yangu chumbani kule kwenye feni.

Kwa hiyo, Msomaji wa Takwimu, klabu yako ikitangaza ligi bila kutangaza dakika, jua wanakuuzia jina.

SWALI: Habari za kazi, Mzee. Mimi ni mama, tunaishi Ontario. Mwanangu ana miaka 18, anacheza OHL, amechaguliwa raundi ya nne. Alikwenda kambi ya klabu, wakamrudisha, na tukaambiwa hawezi kwenda AHL hata wakimtaka. Lakini mvulana wa Kicheki wa umri huohuo, aliyelala naye chumba kimoja kambini, amepelekwa AHL. Huu si ubaguzi? Halafu kuna bwana mmoja anamshawishi aende Ulaya, anasema Auston Matthews alifanya hivyo.
– Mama wa Namba 24

JIBU: Nzuri, mama, na hongera kwa kijana. Si ubaguzi, ni makubaliano ya zamani kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada, yaani OHL, WHL na ile ya Quebec. Kijana aliyechaguliwa kutoka ligi hizo ana njia mbili tu mpaka afikishe miaka 20 au amalize misimu minne huko: acheze NHL yenyewe, au arudi kwenye timu yake ya vijana. Katikati hakuna. Ligi za vijana zilitaka hivyo kwa sababu AHL ingewachukua nyota wao wote na kuwaachia viwanja vitupu. Yule Mcheki alichaguliwa akiwa klabu ya kwao, kwa hiyo makubaliano hayo hayamhusu. Ndiyo maana Pastrňák aliweza kuwa Providence akiwa na miaka 18, na Mkanada wa umri wake aliyeko OHL asingeweza.

Mlango umeanza kulegea. Katika mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji, unaoanza kazi Septemba 2026, kumekubaliwa nafasi ya kijana mmoja wa miaka 19 kwa kila klabu kwenda AHL. Mmoja tu, mama. Wa raundi ya nne asiihesabu mfukoni mwake.

Kuna mlango mwingine ambao wazazi wengi bado hawajauzoea: vyuo vya Marekani. Zamani mchezaji wa OHL alikuwa haruhusiwi kabisa kwenye hoki ya vyuo. Uamuzi wa Novemba 2024 ulifuta hilo kuanzia msimu wa 2025–26. Chuo mechi ni chache, nusu ya zile 68 za OHL au kuzidi kidogo, lakini siku za mazoezi na za kunyanyua vyuma ni nyingi, na anaocheza nao wana miaka 21, 22, 23. Kwa kijana mwembamba aliyeshaichoka ligi ya watoto ila kifua chake bado hakijajaa, mimi ningekuwa mzazi ningekwenda kukitazama chuo kwa macho yangu.

Kuhusu Matthews, huyo bwana anasema kweli nusu. Matthews alizaliwa 17 Septemba 1997, akaikosa drafti ya 2015 kwa siku mbili. Badala ya kurudia ligi za vijana, akaenda Zürich kucheza na ZSC Lions chini ya Marc Crawford, kocha aliyekuwa ameshachukua Kombe la Stanley na Colorado mwaka 1996. Mechi 36, pointi 46. Toronto wakamchagua wa kwanza 2016, na katika mechi yake ya kwanza NHL akafunga mabao manne. Nusu ambayo bwana huyo haisemi ni hii: Matthews alikwenda kule akiwa tayari ndiye anayetarajiwa kuchaguliwa wa kwanza, na kocha alimpa nafasi ya mfalme. Klabu ya Ulaya haimlipi mgeni ili ajifunze. Inamlipa awaoneshe wenyeji. Akikaa mechi tano bila kufunga, ofisini wameshaanza kutazama orodha ya Wakanada wengine wa miaka 28.

Muulize huyo bwana swali moja kwa maandishi: ni klabu gani, na kocha amesema atacheza safu ya ngapi (safu za juu ndizo hupewa dakika nyingi)? Akikujibu kwa jina la nchi badala ya jina la klabu, mpe chai aende zake.

SWALI: Kipa naye? Wote mnaongelea mawinga.
– Nyanda

JIBU: Kipa ni kisa kingine, nyanda mwenzangu wa moyoni, kwa sababu kwake hakuna dakika sita. Ama unacheza zote sitini, ama unafungua mlango wa benchi wenzako wapite.

Kwa hiyo kwake suala la nafasi ni kali mara mbili. Pekka Rinne alikuwa kipa wa akiba wa Kärpät, klabu ya Oulu, Finland, nyuma ya Niklas Bäckström. Nashville walimchagua 2004 nafasi ya 258, raundi ambayo siku hizi hata haipo. Angebaki kusubiri zamu ya mtu mwingine, nadhani angekuwa anauza magari Oulu. Wakamleta Milwaukee, akacheza AHL misimu mitatu, mechi baada ya mechi, na mwisho wa safari akawa kipa bora wa NHL, tuzo ya Vezina, 2018. Connor Hellebuyck alitoka chuoni, akapewa goli la St. John's, timu ya AHL, msimu wa 2014–15, akadaka mechi 58 za ligi. Kipa wa miaka 21 kupewa mechi 58! Ulaya huko hupewi hata ukiwa na shahada ya kudaka.

Igor Shesterkin alifanya kinyume. Alibaki Urusi mpaka 2019, kisha akapitia Hartford ya AHL kwa mechi 25 tu, akapanda New York Januari 2020. Alikuwa tayari anadaka, alichohitaji ni kujua upana. Uwanja wa kimataifa wa kale ni mita 60 kwa 30. Wa Amerika ni mita 61 kwa 26. Hizo mita nne pembeni zikiondoka, yule mpiga mashuti aliyekuwa mbali ukutani sasa yuko karibu na anapiga mapema, na kipa aliyezoea kuwa na muda wa kusogea anajikuta bado yuko njiani. Miezi mitatu ya AHL inatosha kurekebisha hilo. Kumfundisha mtu kudaka hakumalizwi kwa miezi mitatu.

Kipa akiwa namba moja kwao, abaki. Akiwa namba mbili, apande ndege hata kesho.

SWALI: Wewe Mzee, mwaka jana uliandika hapahapa kwamba AHL ni "mashine ya kusaga watoto". Mwezi uliopita ukaisifu. Umeanza kulipwa na nani?
– Mwenye Kumbukumbu

JIBU: Ningekuwa nalipwa ningeshanunua goti jipya.

Niliandika hivyo, na sehemu yake naisimamia. Nilikuwa namkumbuka beki mmoja wa Kifini, miaka 19, aliyefika kwetu Oktoba. Wikiendi yake ya pili tulikuwa na mechi tatu kwa siku tatu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili alasiri, na kila moja mji wake. Jumamosi usiku tulifika hotelini saa nane na nusu. Saa tano asubuhi alikuja kwangu na viatu mkononi, macho mekundu, akaniambia: "Nizidishie makali, nateleza nikigeuka."

Kwa wasiojua: bapa la kiatu cha barafu lina mfereji katikati, urefu wote. Mfereji ukiwa na kina, kingo mbili zinang'ata barafu zaidi. Ukiwa na kina kifupi, unateleza kwa wepesi. Yeye alizoea mfereji wa kina kifupi, kwa sababu kwao uwanja ni mpana, beki anageuka kwa duara kubwa kama lori. Kwetu duara hilo lilikuwa linamfikisha ukutani, na ukutani yupo mtu wa kilo 100 anayetafuta mkataba. Nikamnolea namba ya nusu inchi, yenye kina zaidi. Akashukuru. Baada ya wiki tatu akarudi: miguu inawaka moto kila kipindi cha tatu. Naam, makali mengi hula mapaja, maana kila hatua unapambana na barafu. Tukarudi katikati. Kufikia Februari alikuwa hageuki tena kwa duara, anasimama na kuanza upya, na ile namba ya katikati ikamtosha mpaka mwisho. Makocha walimsifu kwa "kuzoea kasi". Mimi najua alizoea kusimama.

Hiyo ndiyo mashine, na inasaga kweli. Alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga, anaongea na mama yake kwa simu saa ambazo kwao ni usiku wa manane, na nusu ya chumba cha kubadilishia nguo walikuwa watu wa miaka 27 wanaoitaka nafasi anayopewa yeye. Mshahara wa kijana wa mkataba wa kwanza akiwa AHL hauzidi dola 100,000 kwa mwaka. Akiitwa juu, unakaribia milioni. Unadhani huyo wa miaka 27 atampasia mtoto paki kwa roho safi?

Kilichonibadilisha ni kukaa chini na kuhesabu kanuni. Timu ya AHL inavalisha wachezaji 18 mbali na makipa, na angalau 13 kati yao lazima wahesabiwe kuwa bado wanakuzwa. Kumi na wawili kati ya hao wawe na mechi 260 za kulipwa au pungufu. Wakongwe ni wachache kwa sheria. Pia timu haishuki daraja, na kocha ameajiriwa ama na klabu mama ama kwa baraka yake. Simu ya asubuhi kutoka klabu mama haimuulizi tu kama ameshinda jana. Inamuuliza yule beki wa Kifini amecheza vipi. Yule kocha wangu wa Sweden hakuwahi kupigiwa simu hiyo. Yeye alikuwa anapigiwa na mwenyekiti wa klabu.

Na wikiendi zikiwa nzito, katikati ya wiki ni mazoezi matupu. Jumanne hadi Alhamisi yule kijana alikuwa anabaki barafuni na kocha wa mabeki dakika arobaini baada ya wenzake kutoka, nami nikisubiri kufunga taa, nimekasirika. Ligi yenyewe hujisifu kwamba karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepitia kwao. Hesabu hiyo inamjumlisha hata aliyepita wiki mbili baada ya kuumia, kwa hiyo mimi huimeza na maji. Lakini hata ukiikata nusu, bado watu ni wengi.

Kwa hiyo, Mwenye Kumbukumbu, nilikosea neno. Haisagi kila mtoto. Inasaga wanaoletwa mapema kabla hawajaweza kucheza safu mbili za juu. Wa namna hiyo angebaki kwao mwaka mmoja, haki za klabu juu ya Mwulaya hudumu miaka minne, haraka ya nini? Lakini mwenye uwezo wa dakika ishirini AHL, na kwao anapewa nane kwa sababu ya hofu ya mkia wa msimamo, huyo kumwacha kule kwa kisingizio cha "ligi bora" ni kumpotezea mwaka.

SWALI: Mdogo wangu anaondoka Tampere, Finland, mwezi Septemba, anaenda AHL, ana miaka 20. Familia inamfungia begi. Aweke nini?
– Dada Mkubwa

JIBU: Mto wake wa kulalia, dada, kwa ajili ya basi. Jozi tatu za glovu alizokwisha kuzilainisha mwenyewe, kwa sababu mpya zitamsumbua wiki mbili nzima na hizo ndizo wiki ambazo kocha anamtazama. Karatasi yenye namba ya kina cha mfereji anachonolewa nyumbani, maana nimeulizwa "kama kawaida yangu" na vijana arobaini na sijui kawaida ya hata mmoja. Na siku ya kwanza amtafute mtunza vifaa, amsalimie kwa jina. Huyo ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kukaushia.